Paa la makuti la wazee lilimaliza miaka kumi, la siku hizi masika ya tatu limeoza: siri ilikuwa wapi?

#1 KusiLaPangani
Wakuu, salaam. Nawauliza wanaoijua kazi, si wale wa "zamani kila kitu kilikuwa bora" halafu basi. Kuanzia Moa mpaka Kipumbwi, miaka ya sitini na sabini, nyumba ya makuti ya viungo (majani ya mnazi yaliyoshonwa kwenye fimbo) ikiezekwa wakati wa kaskazi ilikaa miaka minane mpaka kumi ndipo paa zima linashushwa. Leo banda la makuti, hata yale ya ufukweni yaliyojengwa kwa pesa za kutosha, masika ya tatu linavuja, na ukigusa jani linamomonyoka mkononi. Mnazi ni ule ule, mvua ni ile ile. Kimebadilika nini?

#2 MkekaTu
Natandika mkeka hapa, wajuvi waje.

#3 FundiFito
Kimebadilika nafasi kati ya kuti na kuti. Tuanze na hesabu, maneno baadaye.

Kiungo kimoja kina fimbo ya kama sentimita 90, majani yananing'inia sentimita 60 mpaka 70. Wazee walikuwa wanaachia vidole vitano tu kati ya fimbo na fimbo, tuseme sentimita 10. Maana yake popote utakapotoboa paa unakuta matabaka sita au saba ya majani. Fundi wa leo anaachia shubiri, sentimita 20 hivi, matabaka yanabaki matatu. La juu huchakaa kwa jua mapema, kwa hiyo umebaki na mawili ya kukukinga na masika.

Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6, upenu wa sentimita 60 kila upande, mwinamo nyuzi 45. Paa lina kama mita za mraba 94. Kwa sentimita 10, viungo vikipandana kidogo ubavuni, yanakwenda makuti 1,170 hivi, yaani korja (mafungu ya ishirini) 58 na nusu. Kwa sentimita 20 korja 29 zinatosha. Mwenye nyumba kaokoa nusu ya pesa, fundi kashuka mapema, wote wana furaha. Masika ya tatu wanaulaumu mnazi.

#4 MwarongoJuu
@FundiFito hesabu imenyooka, ila umeweka nyuzi 45 kana kwamba kila mtu anazo. Ugonjwa wenyewe upo hapo.

Jani la kuti halilali sambamba na kombamoyo (mti wa paa unaoteremka). Kila kuti linaegemea yale ya chini yake, kwa hiyo linainuliwa, na kadiri unavyobana ndivyo linavyoinuka zaidi. Paa la nyuzi 45 ukilibana, majani bado yana mteremko wa kutosha kumwaga maji. Paa la nyuzi 30 ukilibana kwa vidole vitano, majani yanakuwa karibu yamelala, maji yanaifuata fimbo na kurudi ndani. Umejitengenezea godoro la kunyonya mvua. Mabanda mengi ya sasa yamelazwa kwa sababu fundi kazoea bati, na bati hata nyuzi 15 linamwaga. Huyo ukimwambia abane makuti kwenye paa lile lile ndiyo kwanza unaliozesha haraka.

#5 BintiKaole
Moshi jamani, mbona hakuna anayetaja moshi? Nyumba iliyopikiwa kuni kila siku, makuti yake yanakuwa meusi kwa ndani, yanang'aa masizi. Kuti la hivyo halina mdudu, na kuvu haipati nafasi kwa sababu panakauka kila jioni. Banda la wageni halipikiwi, linakaa na unyevunyevu wa bahari mchana na usiku. Tazameni hata jiko la uani: ukuta umebomoka, paa bado lipo.

#6 UaniKwetu
@BintiKaole hilo la mwisho umelisema mwenyewe: jiko la uani. Nyumba ya Kiswahili, iwe Bagamoyo au Tanga, ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na jiko liko nyuma uani peke yake. Nyumba kubwa haikupikiwa ndani. Mbona nayo paa lake lilikaa? Au lilihifadhiwa na moshi wa ubani?

#7 BintiKaole
Ubani, udi, koroboi na mafiga ya uani upepo ukigeuka. Wewe cheka tu. Na nenda kwa Wabondei wa Muheza kule ndani, wengi walipika ndani ya nyumba, ulinganishe.

#8 ZiguaHalisi
Watu wa pwani mna kesi nyingi. Handeni tunaezeka nyasi, tunalala.

#9 UaniKwetu
Mnalala na panya.

#10 Mshonaji_Tongoni
Mnajadili paa, kuti lenyewe hamjalitazama.

Kuti la viungo ni lililokomaa, likaanguka lenyewe au limeshageuka rangi na kukaribia kuanguka. Bichi halifai. Likikauka likiwa limeshashonwa, jani linasinyaa, mshono unalegea, na kusi likivuma majani yanachomoka moja moja mpaka fimbo inabaki uchi. Bichi ni la kusukia kumba: za ua, za choo, na za kulaza kwenye mgongo wa paa.

Majani yanachanwa kutoka kwenye upongoo na kulowekwa usiku kucha ili yasikatike yakikunjwa. Upongoo unapasuliwa kwa urefu, unachongwa magamba, ndiyo fimbo. Unachukua majani mawili kwa pamoja, kwa kazi nzito matatu, unayakunja juu ya fimbo, upande mfupi nyuma, mrefu mbele, unapitisha uzi chini kidogo ya fimbo ukibana pande zote mbili. Uzi ni utepe wa ukindu au wa jani laini la kuti. Yanayofuata yanayapanda ya kwanza kwa nusu. Kiungo kikiisha, kishike ncha moja ukitikise kwa nguvu: kikidondosha hata jani moja, kinafumuliwa. Kisha kinaanikwa kikauke kabisa ndipo kinapangwa na vingine, ishirini ishirini.

Sasa kanunue leo. Jani moja moja, hatua pana, uzi wa plastiki wa kufungia mizigo ambao jua linaukatakata. Na vimefungwa korja bado vina maji, ukifungua katikati unakuta kuvu nyeupe. Hilo kuti limeoza kabla halijapanda juu, nyuzi 45 zitamsaidia nani?

#11 FundiFito
@Mshonaji_Tongoni heshima yako. Nakubali kuhusu uzi. Lakini kiungo kibovu kikibanwa na wenzake bado kinashikiliwa na wa juu yake. Kiungo kizuri kikiachiwa shubiri, upepo unakipata.

#12 Mshonaji_Tongoni
Kinashikiliwa mpaka upepo wa kwanza wa maana, kaka yangu.

#13 Bungua
Mie nakwenda chini ya makuti. Paa nyingi hazifi kwa majani, zinakufa kwa miti. Boriti ikipinda, hata kidogo, panatokea bonde kwenye kipaa (upande mmoja wa paa), maji yanasimama hapo, na hapo ndipo panapooza kwanza. Mwenye nyumba anaona makuti yameoza, hatazami kilichoyalaza.

Zamani nguzo na boriti ni mkoko au msinzi, fito na pau ni mkandaa. Miti hii magome yake yana ile rangi kali inayotumika kutibia ngozi na nyavu, mdudu haipendi. Siku hizi mikoko inahifadhiwa, huikati bila kibali, kwa hiyo watu wanatumia mvinje. Mvinje si mbaya, ila unatumika vibaya: unakatwa leo, unafungwa kesho, na gome lake lote. Chini ya gome ndipo bungua, mdudu anayetoboa miti, anapozalia. Ungemenywa, ukalazwa kwenye maji ya chumvi wiki kadhaa ukiwa umekandamizwa mawe, halafu ukakaushwa kivulini, ungekaa. Unga wa njano ukianza kudondoka kitandani, jua boriti inaliwa na hakuna makuti yatakayokuokoa.

Na miti ilikuwa inakatwa mwezi wa giza. Mwezi mpevu mti umejaa maji na utamu, bungua anaalikwa.

#14 MtazamajiTu
Hapo kwenye mwezi mkuu umetuacha. Mti unajuaje tarehe?

#15 Bungua
Muulize bungua, ndiye anayekula.

#16 MwarongoJuu
Utamu kwenye mti ni kweli, wanga ndio chakula cha mdudu. Lakini wanga unapungua kwa kulowekwa, na kwa msimu wa kukata. Mkataji wa mwezi wa giza alikuwa pia ndiye mloweka na mmenya gome. Huwezi kujua kipi kilichomfaa. Mimi naweka kura kwenye maji ya chumvi.

#17 KirakaChaPaa
Swali lenyewe lina kasoro ndiyo maana hatufiki. Hakuna paa lililokaa miaka kumi. Kulikuwa na paa lililotiwa viraka miaka kumi. Tofauti kubwa hiyo.

Kila mwaka kabla ya masika, Februari hivi, paa linakaguliwa. Saa sita mchana unaingia chumbani, unafunga dirisha na mlango, unatazama juu. Panapopenya mwanga panawekewa alama kwa kuchomeka njukuti (kijiti cha jani la kuti), inayotokeza nje ili aliye juu aione. Mmoja anapanda na viungo vipya, mmoja anabaki ndani na kamba. Wa juu anainua makuti ya zamani kwa ubao mwembamba, anasukuma kiungo kipya chini yake mpaka fimbo ifike kwenye upau, wa ndani anafunga. Hufumui kitu. Hapo unakuwa umeongeza tabaka palepale panapochakaa.

Mgongo wa paa unabadilishwa kumba zake kila baada ya miaka miwili mitatu, kwa sababu pale maji na jua vinapiga bila huruma. Na kipaa kinachotazama kusi kilikuwa kinachomekewa mara mbili ya kile kingine. Ukijumlisha makuti yaliyoingizwa kwa miaka kumi unapata karibu paa la pili. Leo mtu anaezeka, anafunga mkataba, anasahau. Halafu anafungua uzi hapa jukwaani.

#18 KusiLaPangani
😂 Ujumbe umefika. Lakini hata bila viraka, miaka mitatu bado ni michache, @KirakaChaPaa. Hao wa zamani walianza kuchomekea mwaka wa ngapi?

#19 KirakaChaPaa
Mwaka wa pili mgongo, wa tatu vipaa. Kama ulivyosema: masika ya tatu. Ndipo pale pale la kwako linapoanza kuvuja.

#20 Mkwezi12
Naomba nirudishe hesabu ya #3 shambani, kwa sababu watu wanadhani wazee waliachia vidole vitano kwa uhodari. Waliachia kwa sababu walikuwa na minazi.

Kuti zima lina majani zaidi ya 200. Kiungo cha sentimita 90, hatua ya sentimita 2, majani mawili mawili, ni majani 90. Ukitoa yaliyochanika, kuti moja linakupa viungo viwili. Viungo 1,170 ni makuti mazima 585. Mnazi unaangusha kuti moja kwa mwezi, 12 kwa mwaka. Kwa hiyo nyumba moja inakula makuti ya minazi 49 kwa mwaka mzima, na hapo hujatoa la ua, la kuwashia moto wala la kumba za choo. Mwenye minazi 15 leo anaachia shubiri kwa sababu hana jinsi.

Halafu tazameni kuti lenyewe. Mnazi ulioingiliwa na chonga, yule mdudu mwenye pembe, anatoboa kilele wakati kuti bado limefungana. Likifunguka limekatika pembetatu pande zote mbili. Majani yake ni mafupi, nusu yake hayafiki sentimita 40. Ukishonea hayo, tabaka sita za @FundiFito zinakuwa nne hata kwa vidole vitano. Chonga anazaliana kwenye magogo ya minazi iliyoanguka na malundo ya samadi. Zamani gogo lilichomwa au lilipasuliwa likatumika, siku hizi linaachwa linaozea shambani.

#21 MapingaRoad
Bagamoyo huku si chonga, ni ule ugonjwa wa minazi. Dafu zinadondoka kabla ya wakati, kole (shada la nazi) linakuwa jeusi, makuti yanageuka njano kuanzia chini, mwisho kilele kinaanguka na kubaki nguzo. Shamba zima linakwisha. Ndiyo maana kulianzishwa ule mradi wa minazi miaka ya themanini.

#22 Mkwezi12
Mradi wa taifa wa minazi ulianza 1979, kwa msaada wa Wajerumani, na ndio uliozaa kituo cha utafiti cha Mikocheni. Mnazi wetu mrefu wa Afrika Mashariki ndio unaoathirika sana. Lakini ugonjwa unapunguza idadi ya makuti, hauozeshi lililokwisha ezekwa.

#23 MapingaRoad
Unapunguza idadi, bei inapanda, fundi anaachia shubiri. Umerudi #3 kwa njia ya Mikocheni.

#24 Mzee_wa_Amboni
Vijana mmesahau 1973 mpaka 1976. Operesheni Vijiji iliwatoa watu kwenye minazi yao, nyumba zikajengwa kwa mstari na kwa haraka, makuti yakapelekwa kichwani kutoka shamba la zamani. Nyumba ya haraka haibanwi. Watoto waliokulia hapo wakaona shubiri ndiyo kipimo. Ufundi ulipotelea hapo.

#25 UaniKwetu
Shikamoo mzee. Kwa vijiji vya bara sawa, ila vya ufukweni vingi vilikuwa vimekwishakusanyika zamani, watu hawakusogea sana. Kigombe ilikuwa Kigombe kabla ya Operesheni.

#26 Mzee_wa_Amboni
Marahaba. Kigombe ni kimoja. Hesabu na vingine.

#27 BintiKaole
Na kamba je? Zamani ni kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi yanafukiwa kwenye tope la pwani panapofika maji kujaa, yanawekewa mawe yasielee, miezi mitatu mpaka sita kutegemea kama ni mabichi au makavu. Yakifukuliwa yananuka mpaka mtaa wa pili. Yanapigwa kwa rungu juu ya gogo mpaka nyama inatoka, zinabaki nyuzi, zinaoshwa, zinaanikwa, zinasokotwa pajani. Kamba hiyo haiogopi chumvi wala maji.

#28 FundiFito
Tanga tulikuwa na katani bwerere, wengi walifungia katani. Ni nguvu, lakini ikilowa na kukauka mara nyingi inaoza mapema kuliko usumba. Panapolowa, kama kwenye upenu na mgongo, usumba. Katikati ndani, katani haina neno. Misumari usithubutu: inapasua upau, na kwa hewa ya bahari inakuwa kutu kabla ya kuti kuchoka.

#29 ZiguaHalisi
Kwa hiyo mnahitaji minazi 49, makumbi ya miezi sita, boriti ya mwezi wa giza na mtu wa kuwasha moshi. Bati la geji 30 mmeliona?

#30 MwarongoJuu
Tumeliona. Kando ya bahari linatoboka kutu, mchana hukai ndani, mvua ikinyesha husikii anayekuita. Ila haliungui, hilo nakupa. Wakati wa kaskazi cheche moja ilikuwa inamaliza safu nzima ya nyumba. Watu waliweka upembo mrefu tayari wa kuvutia makuti chini, wakilibomoa paa la jirani ili moto usivuke. Hicho ndicho kilichowapeleka wengi kwenye bati, si kuvuja.

#31 Mgeni_Mlingotini
Wakuu samahani kwa kuchelewa. Kuna banda la mita 4 kwa 4 linajengwa huku, pembeni ya mwembe mkubwa, vijana wanataka kupandisha nyuzi 45 ila hawana kifaa cha kupimia. Na makuti waagize mangapi?

#32 MwarongoJuu
Kifaa hakihitajiki. Nusu ya upana ndiyo kimo. Upana mita 4, basi mwamba wa juu ukae mita 2 kutoka usawa wa juu ya ukuta. Ukipungua hapo usibane.

#33 FundiFito
Upenu sentimita 60, paa lina mita za mraba 38. Kwa sentimita 10 ni makuti 478, korja 24. Agiza 26, mbili zikae darini za kuchomekea asije @KirakaChaPaa akakusema. Na pima fimbo kabla ya kulipa, wapo wanaokata sentimita 70 kwa bei ya 90.

#34 Mshonaji_Tongoni
Fungua korja moja katikati, unuse. Likinuka uvundo, rudisha.

#35 KirakaChaPaa
Na matawi ya huo mwembe yakatwe kwanza. Paa la chini ya mti halikauki mpaka saa nane mchana, na majani yake yakijazana juu ya makuti yanaozea hapo hapo. Hata uliezeke kwa vidole vitatu.

#36 Mgeni_Mlingotini
Mwembe ni wa jirani.

#37 KirakaChaPaa
Basi agiza korja 30.